Mpira wa Moshi wa London na Kipaza Sauti cha Nyeri

Mwanafunzi wa sheria nchini Kenya hamalizi muhula wa kwanza kabla ya kukutana na Bi Louisa Carlill. Huyu alikuwa mwanamke wa London aliyenunua kifaa cha nyumbani kwa shilingi 10 mnamo Novemba 20, 1891, akakitumia kama alivyoelekezwa, na bado akaugua ugonjwa uleule aliohakikishiwa kuwa hautamgusa. Kifaa chenyewe kilikuwa mpira mdogo uliojazwa unga wenye asidi ya kaboliki, ukiwa na mrija wa kuchomeka puani. Ukiuminya, unga unafuka kama moshi, macho yanalengwa na machozi, pua inachuruzika, na mafua, kwa mujibu wa watengenezaji, yanakosa pa kuingilia.

Watengenezaji hao, Carbolic Smoke Ball Company, hawakutosheka kuusifu mpira wao. Walitangaza magazetini kwamba yeyote atakayeutumia mara 3 kwa siku kwa wiki 2 na bado apatwe na mafua, atalipwa pauni 100. Pauni 100 za wakati huo zilizidi mapato ya mwaka mzima ya kibarua wa London. Na ili msomaji asidhani ni porojo, tangazo likaongeza kuwa pauni 1,000 zilikuwa zimekwisha kuwekwa katika benki ya Alliance, barabara ya Regent, kuonyesha kwamba kampuni haifanyi mzaha.

Ulikuwa msimu mzuri wa kuuza hofu. Homa kubwa ya mafua iliyoanza kuenea Ulaya mwaka 1889 ilikuwa ingali inaua. Januari 14, 1892 ilimchukua hata Mwanamfalme Albert Victor, mjukuu wa Malkia Victoria. Siku 3 baadaye Bi Carlill naye akashikwa. Mumewe, aliyesomea uwakili, akaandika barua kudai zile pauni 100. Kampuni ikakataa. Katika mahakama ya kwanza ilitetewa na H. H. Asquith, yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1908, na hoja yake kuu ilikuwa ya aina ambayo kila mchuuzi duniani angeipenda: maneno ya tangazo ni sifa za mfanyabiashara tu, na mtu mwenye akili zake hawezi kuyashika kama mkataba. Desemba 7, 1892 majaji 3 wa Mahakama ya Rufaa, Lindley, Bowen na Smith, waliikataa hoja hiyo. Aliyesema ameweka pesa benki ili aaminike hawezi kugeuka kesho na kudai alikuwa akitania. Bi Carlill akalipwa.

Hiyo si hadithi ya Wazungu wa kale peke yao. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaagiza kuwa kanuni za mahakama za Uingereza kuhusu mikataba zitumike hapa, kasoro pale tu Bunge lilipotunga vingine. Kwa hiyo hukumu iliyotolewa juu ya mpira wa kupuliza puani inaweza kumtetea mama wa Giakanja anayenunua taa ya sola mwaka huu. Ajabu ni kwamba yeye hajaambiwa.

Giakanja iko Tetu, mwendo mfupi wa matatu kutoka mjini Nyeri: mashamba ya kahawa, ng'ombe wa maziwa wachache katika kila boma, maduka ya kando ya barabara. Kahawa ya ushirika wake imewahi kuuzwa kwa jina hilohilo la Giakanja kwa wanywaji wa Ulaya na Marekani, wanaolipia mfuko mdogo bei ambayo mkulima akiisikia huomba irudiwe. Upande wa pili, bidhaa huja zikipanda mlima. Zinatangazwa na redio za Kikuyu kama Kameme na Inooro, zinatangazwa Facebook, na zinatangazwa na magari yenye vipaza sauti juu ya paa: mashine za kukata majani ya nepia, mashine za kuangulia vifaranga, blenda, majiko yasiyotoa moshi, taa za sola, vidubwasha vya kuchomeka ukutani ambavyo eti hupunguza bili ya stima.

Anayesikiliza kwa makini maneno ya watangazaji hawa atagundua kuwa karibu kila mbinu yao ilibuniwa na watu wa enzi ya Malkia Victoria, miaka 120 au 150 iliyopita. Ushuhuda wa mtu maarufu, daktari asiye na jina, malipo kidogo kidogo, jaribio la hadharani, zawadi ndani ya pakiti: vyote vimefika Nyeri salama salimini. Kilichobaki njiani ni zile pauni 1,000 za benki ya Alliance.

Chukua ushuhuda. Mmoja wa mashahidi waliotafutwa sana na wafanyabiashara wa London alikuwa msafiri Henry Morton Stanley, na ushuhuda wake ulitokana na safari katika bara hili letu. Mwaka 1887 aliingia barani kumtafuta gavana Emin Pasha, akibeba masanduku ya dawa ya kampuni ya Burroughs Wellcome. Alitokea Bagamoyo Desemba 1889, na kitabu chake cha mwaka uliofuata kikayasifu masanduku hayo na vifaa vingine vya safari kwa lugha ambayo mwandishi wa matangazo hangeweza kuiboresha. Kampuni iliyatumia maneno hayo kwa miaka mingi. Wapagazi waliosajiliwa Zanzibar kwa msafara huohuo walikufa kwa mamia, kwa njaa, homa, vidonda na mishale. Hao hawakuulizwa kama dawa zilifanya kazi.

Hapo ndipo Afrika ilipoingia katika matangazo ya Victoria: kama ukuta wa kubandikia. Sabuni ya Pears, iliyokuwa na mtangazaji hodari kuliko wote wa wakati wake, Thomas Barratt, iliwahi kutoa picha ya wapiganaji wa Sudan wakiwa wamepigwa na butwaa mbele ya mwamba ulioandikwa sifa za sabuni hiyo. Mwaka 1899 ikamwonyesha afisa wa jeshi la maji akinawa mikono melini, na maneno chini yake yakidai kuwa kufundisha usafi ndiyo hatua ya kwanza ya kuupunguza mzigo wa mtu mweupe. Mashine ya kushona ya Singer ilitolewa kadi za rangi mwaka 1892 zenye picha za watu wa mataifa mbalimbali na mavazi yao, wakiwemo Wazulu, kila kundi na cherehani yake. Kadi hizo ni nzuri kwa macho, na mtu anaweza kuzikusanya bila aibu. Lakini aliyechorwa hakuwa ndiye aliyekusudiwa kununua. Kadi iligawiwa kwa mama wa Chicago ili aone kuwa mashine yake imefika hata kule.

Nyeri yenyewe ilianza kama kituo cha serikali ya kikoloni mwishoni mwa mwaka 1902, baada ya afisa wa jeshi Richard Meinertzhagen kupigana na watu wa Tetu. Maduka ya Waasia yalifuata karibu mara moja, na kwa meza za maduka hayo taa za chemni, viberiti, sufuria na nyembe ziliingia katika nyumba za Wakikuyu bila tangazo lolote la kuandikwa. Mtu aliona kwa jirani akaenda kuuliza bei. Walowezi nao waliagiza kutoka katalogi za London, kama ile nene ya Army & Navy. Na miaka michache baadaye Reli ya Uganda ikatoa bango lililoitangaza nyanda za juu za Afrika Mashariki kama makazi ya mabwana wakubwa ya msimu wa baridi, wanyama wakiwa wamejaa pembeni. Bango hilo huchekesha wengi leo. Wenye mashamba yaliyochukuliwa hawana sababu ya kucheka, maana hapo bidhaa iliyotangazwa ilikuwa ardhi yao, na wao hawakuwemo hata kwenye picha.

Kuna mashine moja ya Victoria ambayo mkulima wa Nyeri anaijua vizuri kuliko Mwingereza wa leo. Ni mashine ya kumenya kahawa. Katika viwanda vingi vya ushirika nchini, kahawa mbivu hupitishwa kwenye sahani za chuma zinazozunguka, ganda jekundu likavuliwa huku na mbegu yenye utelezi ikateremka kule, tayari kuchachushwa na kuoshwa. Nyingi ya mashine hizi zina jina la McKinnon wa Aberdeen, kampuni ya Scotland iliyojipatia soko kwa wakulima wakubwa wa makoloni muda mrefu kabla ya Kenya kuwa na mche wa kahawa wa maana. Jina limesubiwa ndani ya chuma chenyewe. Ndilo tangazo, na ndilo waranti: mashine ikivunjika sahani, watu wanajua wa kumwandikia.

Lakini tazama ni lini jina hilo lilianza kusomwa na watu wa Tetu. Serikali ya kikoloni iliwakataza Waafrika kupanda kahawa. Ruhusa za majaribio zilianza miaka ya 1930 kwa Kisii, Meru na Embu, na Wakikuyu wengi wakasubiri hadi miaka ya 1950, ule wakati wa mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954. Nusu karne nzima mashine ilitangazwa kwa mwingine. Ilipofika kwa mkulima mdogo, ilinunuliwa na kamati ya ushirika, kwa bei iliyojadiliwa mkutanoni, na fundi akiwepo. Namna hiyo ya kununua ina uzito wake. Kamati haidanganyiki kirahisi kama mtu mmoja aliyesimama sokoni na kiroba mkononi.

Matangazo yalipoanza kumwona Mwafrika kama mteja, yalibadili lugha kabla ya kubadili tabia. Gazeti la Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939 na kampuni ya East African Standard, liliwapa wauzaji njia ya kusema Kiswahili. Baiskeli ya Raleigh, chapa iliyozaliwa Nottingham miaka ya 1880, ilisambaza barani bango la kijana Mwafrika akikanyaga pedali kwa furaha huku simba akimfukuza bila kumfikia. Wazee wengi wanalikumbuka hadi leo, na ni tangazo zuri: halidai kitu ambacho baiskeli haiwezi, ila labda kwenye mlima wa kutoka mto Chania. Simba ni utani, na mnunuzi anajua ni utani. Hapo hoja ya Asquith ingesimama.

Tofauti kati ya utani na ahadi ndiyo inayopotea sokoni.

Siku ya soko mjini Nyeri, mchuuzi wa mashine ya kukata mboga huwa amepanga kabichi zake mbele ya turubai tangu asubuhi. Kabichi zimechaguliwa: ngumu, nzito, zisizo na jani la kulegea. Ubao wa plastiki una wembe mpya katikati. Anausugua juu ya kabichi mara 4 au 5, kabichi inashuka nyembamba kama nywele, na watu wanasogea. "Shosho, shika mwenyewe ujaribu," anamwambia mama mzee, akimshika mkono polepole ili pembe ya ubao ikae sawa. Shosho anakata, anacheka, anafungua leso ya pesa. Nyumbani jioni kuna sukumawiki iliyolegea na karoti zenye mchanga, hakuna wa kumshika mkono, na baada ya siku chache wembe wa bati umepinda. Mchuuzi alisema ikiharibika irudishwe. Kesho yuko Karatina, keshokutwa Nanyuki.

Jaribio la hadharani nalo lina ukoo mrefu. Robert Chesebrough, mkemia wa New York aliyepata hataza ya Vaseline mwaka 1872, inasimuliwa kuwa alijichoma ngozi mbele ya watu na kujipaka mafuta yake kuonyesha jinsi kidonda kinavyopona, kisha akagawa vichupa vya bure kwa gari la farasi. Katika mji wa Dayton, Ohio, kampuni iliyouza mashine za kuhesabia pesa dukani ilikwenda mbali zaidi. Mashine hiyo ilibuniwa mwaka 1879 na James Ritty, mwenye baa aliyechoka kuibiwa na wahudumu wake. John Patterson akainunua biashara hiyo mwaka 1884, akaiita National Cash Register, na mwaka 1887 wauzaji wake wakaanza kukaririshwa kijitabu chenye maneno yote ya kumwambia mwenye duka: lini aulize swali, lini anyamaze, lini aelekeze kidole kwenye kengele. Vijana wenye fulana za kampuni wanaopita nyumba hadi nyumba Tetu, wakisema sentensi zilezile kwa mpangilio uleule, ni wajukuu wa kijitabu hicho, hata kama aliyewafunza aliupata mtaala wake kwenye semina ya Nairobi.

Na kile kidubwasha cha stima? Babu yake ni mkanda wa umeme wa Cornelius Harness, uliouzwa barabara ya Oxford, London, kwa watu wenye maumivu ya mgongo, udhaifu, huzuni na karibu kila kitu kingine, hadi gazeti la Pall Mall Gazette lilipomwanika mwaka 1893. Umeme ulikuwa mpya, watu hawakuuelewa, na jambo lisiloeleweka huuzwa kwa bei yoyote. Leo stima imefika Giakanja na bili inaeleweka kwa uchungu wake tu. Kisanduku kinachomekwa, taa ya kijani inawaka, na mnunuzi anaamini kitu kinafanyika. Mita ya nyumbani huhesabu kilowati-saa zinazotumika. Birika na pasi vitakula kiasi kilekile kisanduku kikiwepo au kisipokuwepo. Ile taa ya kijani yenyewe inakula kidogo.

Haifai kuwatukana wauzaji wote, maana mbinu hizohizo zimeleta mema. Singer walipokwama kuuza mashine ya zaidi ya dola 100 kwa familia zilizopata kama dola 500 kwa mwaka, mshirika wa kampuni, Edward Clark, alianzisha mwaka 1856 mpango wa kulipa dola 5 kwanza na kumalizia kwa mwezi. Bila mpango wa namna hiyo, mafundi cherehani wa baraza za maduka, kutoka Mombasa hadi Nyeri, wangekuwa wachache. Kenya nayo imeufikisha mpango huo mahali ambapo Clark hangeota. M-KOPA, iliyoanza kuuza mwaka 2012 ikitegemea M-Pesa, iliwapa watu taa za sola na redio kwa malipo ya shilingi kama 50 kwa siku kwa mwaka mmoja, pesa zisizotofautiana sana na zile zilizokuwa zikiteketea kwa mafuta ya taa. Nyumba nyingi za vijijini zimeaga koroboi kwa njia hiyo, na watoto wamesoma bila masizi puani.

Ila kuna jambo ambalo sheria haikuliona likija. Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, Sura ya 507, ya mwaka 1968, inasema kwa mikataba iliyo chini yake kwamba mnunuzi akishalipa theluthi 2 ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua tena bila kwenda mahakamani. Waliotunga waliwaza lori, redio kubwa, kabati, na madalali wa kuvamia nyumba alfajiri. Kifaa cha kisasa cha kulipia kidogo kidogo hakihitaji dalali. Kina kadi ya simu ndani yake. Siku mteja asipolipa, kinazimwa kutoka mbali. Hakuna aliyeingia uani, hakuna aliyebeba kitu, taa bado inaning'inia darini, na nyumba iko gizani. Wabunge wanaotafuta kazi ya kufanya wangeanzia hapo.

Sheria nyingine ya kuangaliwa ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo sehemu kubwa ya maneno yake yalinakiliwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, mwaka mmoja tu baada ya ushindi wa Bi Carlill. Kifungu cha 16 kinamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji haja yake na kutegemea ujuzi wake: bidhaa ni lazima iifae haja hiyo. Kisha kinakuja kijifungu cha kuchekesha kama si cha kuumiza. Ukiagiza kitu kwa jina lake la kibiashara, ulinzi huo wa kufaa kwa haja yako maalumu unaondoka. Mkulima anayesema dukani "nataka mashine ya kukata nepia ya ng'ombe 4" ana nguvu kuliko yule aliyesikiliza redio wiki nzima akaenda kuagiza kwa jina la chapa. Yaani kadiri tangazo lilivyofanikiwa kukaza jina kichwani mwake, ndivyo kinga hiyo ilivyopungua. Ulinzi wa jumla kuhusu ubora unabaki, lakini mantiki ni ya karne ya 19, wakati jina la kiwanda lilihesabiwa kuwa chaguo la mteja anayejua anachotaka.

Katiba ya 2010 imejaribu kurekebisha. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari za kutosha, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na yenye staha. Sheria ya Kulinda Watumiaji ikaja mwaka 2012, ikakataza kuipa bidhaa sifa isizokuwa nazo, na kumruhusu aliyedanganywa kuvunja mkataba. Mahakama za Madai Madogo zilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021: madai yasiyozidi shilingi milioni 1, uamuzi ndani ya siku 60, bila lazima ya wakili. Karatasi ziko sawa. Shida ni kumpata wa kumshtaki. Bi Carlill alikuwa na anwani ya kampuni mtaani, jina la benki na mume mwanasheria. Shosho wa sokoni ana nambari ya simu iliyobandikwa kwenye boksi, isiyopokewa.

Pale ambapo mtu mwingine alikubali kupima ahadi badala ya mnunuzi, soko lilitengemaa. Tochi za LED za bei ya chini zilizofurika Kenya miaka ya 2000 zilikuwa zikifa mapema, na watafiti wakaona walioumwa nazo wanaanza kukataa hata taa nzuri. Mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na IFC, ulioifanya Kenya mojawapo ya nchi zake 2 za kwanza za majaribio pamoja na Ghana, ukaanza kupeleka taa za sola maabara: saa ngapi inawaka, mwanga kiasi gani, na je, hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye boksi? Ukweli wa tangazo ukawa kipimo kama vilivyo vipimo vya betri. Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, nalo lina namba 20023 ya kutuma ujumbe kuhakiki kibandiko, na wenye maduka waangalifu huitumia wanaposhuku mzigo. Wateja wachache mno wanaijua. Haitangazwi kwa kipaza sauti.

Lakini kifaa ambacho ahadi yake imepimwa kwa muda mrefu kuliko vyote kiko juu ya meza ya kila duka. Ni mizani. Avery na Salter, majina makubwa ya Victoria katika biashara hiyo, walitangaza usahihi kama wengine walivyotangaza urembo, ila kwao serikali haikuacha neno liende hivihivi: sheria ya Uingereza ya mwaka 1878 ilikuwa na wakaguzi wake, na Kenya ina Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Mizani ya duka hupimwa na kupigwa muhuri kila mwaka. Ya kununulia majani chai na kahawa vilevile. Mkulima wa Tetu huenda akalalamikia mengi kuhusu kituo cha chai, lakini anajua ofisi ya kupeleka malalamiko ya mizani na anajua muhuri unafananaje.

Kaunti ya Nyeri inaweza kuanzia hapo bila kusubiri Nairobi. Jedwali la 4 la Katiba linazipa kaunti masoko, leseni za biashara na usimamizi wa biashara ya haki. Gari la kipaza sauti tayari hulipa ada ili lipige kelele sokoni. Ada hiyo ije na dhamana: muuzaji wa vifaa anayepita aache pesa za kurudisha bei ya bidhaa kama 20 au 30, jina lake na mahali anakopatikana. Zikae miezi 3, na kama hakuna lalamiko lililothibitishwa arudishiwe zote. Ahadi anayoitoa kwa kipaza sauti, "inadumu miaka 5", "inapunguza makaa nusu", iandikwe kwenye stakabadhi kwa maneno hayohayo.

Watasema ni kumkandamiza mchuuzi mdogo. Hapana, kwa sababu mwenye kibanda cha kudumu hatatozwa chochote. Anapatikana wiki ijayo, na majirani wa kibanda wanamjua. Wala muuza nyanya na muuza mitumba hawahusiki, kwa kuwa mteja huikagua nyanya na kuivuta shati kabla ya kutoa pesa. Wanaohusika ni wale wanaouza kitu ambacho ubora wake hauonekani mpaka wamekwisha kuondoka. Kampuni ya mpira wa moshi yenyewe iliposhindwa kesi haikufilisika siku ile: mwaka 1893 ilitangaza upya, ikapandisha zawadi kuwa pauni 200, na safari hii ikaweka masharti ya kudai zawadi yenye kubana zaidi. Wauzaji wa kweli huzoea masharti haraka. Maofisa wa mizani wa kaunti huzunguka masoko na mihuri yao kila mwaka. Daftari la dhamana lingeweza kuanza nao, kwa soko moja la Nyeri na moja la Karatina, kabla ya msimu ujao wa malipo ya kahawa, ambao ndio msimu magari hayo huja kwa wingi.